Kanga Inasemaje?

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na mstari wa maneno uliochapwa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Mstari huo huitwa jina. Mteja akisimama mbele ya rafu ya duka la kanga, Mombasa au Kariakoo, haulizi nguo imeandikwa nini. Huuliza, "Inasemaje?" Kilichoandikwa ni maneno manne au matano ambayo mtoto wa darasa la tatu huyasoma bila shida. Kinachosemwa hakijulikani mpaka ijulikane kanga ameivaa nani, siku gani, na nani alikuwa nyuma yake akiitazama.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na neno la jambo hili kabla ya kuwa na nguo yake. Kufumba ni kufunga kwa kukunja au kwa kukutanisha: mtu hufumba macho, hufumba mkono, hufumba mdomo. Neno lililofumbwa ni fumbo, na kulifungua ni kulifumbua. Vitabu vya shule huliweka fumbo karibu na kitendawili, lakini ujirani huo unapotosha. Kitendawili hujitangaza. Mtegaji hutamka "kitendawili", wasikilizaji hujibu "tega", na kila aliyekaa barazani anajua kwamba lipo jibu na kwamba akishindwa atatoa mji. Fumbo halipigi hodi. Hupita katikati ya mazungumzo kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya samaki, na anayelisikia ana hiari ya kulipokea kama maneno ya kawaida. Methali ya pwani huwagawa wasikilizaji wake mafungu mawili: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hiyo haielezi kinachompata mwerevu akishaligangua na kukuta limemlenga yeye.

Washairi waliifanya sanaa hiyo kuwa silaha ya siasa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ikiwa chini ya ukoo wa Mazrui na Sayyid Said, mtawala wa Omani, akiimezea mate kutoka Maskati, Muyaka bin Haji alitunga mashairi ambayo kwa juu yalihusu jahazi, mnyama au mapenzi, na kwa ndani yalihusu Lamu, Zanzibar na Omani. Lamu nayo ilikuwa na washairi wa kumjibu. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940, karne nzima baada ya mshairi kufa. Msomaji wa leo anayapata yakiwa na maneno kamili na visa pungufu. Anajua maana ya kila mstari, lakini mara nyingi hajui nani alikuwa akisutwa. Upungufu huo utaonekana tena kwenye kanga, na huko ni mkubwa zaidi, kwa sababu shairi angalau lilikuwa na mtunzi aliyejulikana.

Nguo yenyewe ilikuja kwa njia ya biashara. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, wakawa wakileta Zanzibar pamba nyeupe isiyotiwa rangi, nzito na ya kudumu. Watu wa pwani waliiita merikani, jina ambalo nguo hiyo inalo hadi leo. Merikani ikafika mbali barani kuliko Mmarekani yeyote. Ilitumika kama fedha kwenye njia za misafara, ilivaliwa na wapagazi, na watumwa walivishwa hiyo au kaniki, yaani nguo iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikakaribia weusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata mzigo huo, na viwanda vya Uingereza na India vikaziba pengo. Kufikia hapo tayari nguo ilikuwa inasema jambo bila kuandikwa chochote. Mwanamke aliyejifunga merikani tupu au kaniki alijulikana hali yake kabla hajafungua mdomo.

Kanga ilitokea ndani ya soko hilo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Maelezo yanayosimuliwa zaidi ni kwamba wanawake wa mijini walinunua leso za rangi, ambazo zilikuja zikiwa zimeungana kwenye jora moja, wakazikata tatu tatu na kuzishona safu mbili ili wapate nguo pana ya vipande sita. Neno leso ni la Kireno, na huko Mombasa ndilo jina la nguo hii mpaka leo. Kwingine likaenea jina la kanga. Kuhusu jina hilo la pili, wengi husema michapo ya mwanzo ilikuwa na madoa meupe kama ya ndege aitwaye kanga. Wako pia wanaodai kwamba waliovaa walikuwa wakipiga kelele kama kundi la ndege hao. Maelezo hayo yanafichua zaidi tabia ya walioyatunga kuliko asili ya nguo. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuona kilichokuwa kikishonwa, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima kwa kipimo hicho. Tangu hapo kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja na urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Kimoja hufungwa kiunoni au kifuani, cha pili hutupiwa mabegani au kichwani.

Wakati wake haukuwa wa bahati tu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hali ya kisheria ya utumwa ikafutwa visiwani. Maelfu ya wanawake waliokuwa wakivishwa na wenye kuwamiliki walianza kuchagua wenyewe cha kuvaa. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kuhusu Zanzibar ya kipindi hicho, ameonyesha jinsi walivyoacha merikani na kaniki wakachukua kanga, na jinsi kujifunika kichwa, jambo ambalo mtumwa hakuruhusiwa, kulivyokuwa tamko la uungwana. Wengi hawakuwa na mahakama ya kuwasikiliza wala gazeti la kuwaandika. Mtu asiye na mahali pa kusema wazi hutafuta mahali pa kusema kwa ndani, na kanga ilikuwa mgongoni mwake kila siku.

Maneno yalikuja baadaye kidogo. Anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyeanza kuyachapa ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana pia kama Abdulla, ambaye duka lake, lililo Mtaa wa Biashara, linahesabu miaka yake tangu 1887. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zake zilianza kubeba methali na misemo, kwa herufi za Kiarabu ambazo watoto wa pwani walijifunza katika vyuo vya Kurani. Wenye maduka wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam walifuata. Kadiri shule za serikali zilivyoeneza herufi za Kirumi, na hasa baada ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, mstari wa jina nao ukageuka. Haukugeuka mahali pake: ulibaki chini ya mji, pale unapoangukia nyuma ya mvaaji, chini ya kiuno, anapojifunga.

Mahali hapo pana maana yake. Mwenye kanga hawezi kulisoma jina lake akiwa amelivaa. Hulisoma anayemfuata njiani, aliyekaa nyuma yake msibani, jirani anayechungulia akipishwa uani. Maneno hayamtoki mvaaji mdomoni, wala hayapiti machoni pake. Yanapita nyuma yake, na yeye anaendelea na safari kana kwamba hayamhusu.

Sarufi ya Kiswahili imeisaidia kazi hiyo kuliko inavyosifiwa. Viambishi vya mtu havitofautishi mwanamume na mwanamke, na kirejeshi kinaweza kusimama bila kumtaja anayerejelewa. Chukua jina linalojulikana sana: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Huyo "ku" anaweza kuwa mume, shoga, wifi, mke mwenza au mtoto aliyelelewa akageuka. Mwandishi amecheza na sauti za maneno mawili, akamwacha aliyeambiwa bila sura. Au "Mdhaniaye ndiye kumbe siye": kuna mtu anashukiwa, na siye. Siye mwizi, au siye hawara? Na anayesema hivyo anamtetea mtu, au anawacheka wanaohangaika kumtafuta ilhali yeye mwenyewe ndiye? Kwa Kifaransa mtunzi mara nyingi angelazimika kuchagua jinsia, na nusu ya watuhumiwa wangekuwa wameshaachiwa.

Maana ya mstari haibadiliki tu kwa kumbadilisha anayeambiwa. Inaweza kugeuka kabisa kwa kumbadilisha anayevaa. "Akufukuzaye hakwambii toka" ni methali ya zamani, na yenyewe inahusu jambo hilihili la kusema bila kusema. Ikivaliwa na mwenyeji ambaye mgeni wake amekwisha kukaa wiki tatu, inamfukuza. Ikivaliwa na mke siku anayofungasha virago kurudi kwao, inasema kwamba amefukuzwa bila kuambiwa, na lawama inaenda kwa mume. Katika hali ya kwanza mvaaji ndiye anayefukuza. Katika ya pili ndiye aliyefukuzwa. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika. Na ikivaliwa na bibi anayeuza vitumbua, aliyepewa zawadi na mjukuu wake na ambaye hajaangalia imeandikwa nini, haisemi chochote, ingawa hilo halimzuii jirani mwenye wasiwasi kulala macho.

Jirani huyo ndiye kiini cha utaratibu wote. Aliyehisi kuchomwa hana njia nzuri ya kujibu. Akiuliza, "Unanisema mimi?", ameshakiri kwamba maneno yanamfaa, na mvaaji anaweza kushangaa kwa dhati au kwa hila: ni nguo tu, aliipenda rangi yake. Akinyamaza, waliokuwapo watajua kwamba ameelewa. Jibu linalokubalika ni kwenda dukani. Kanga hujibiwa kwa kanga, na mitaa ya Mombasa na Zanzibar imeshuhudia ugomvi wa miezi mingi ambao haukuwa na neno moja lililotamkwa, mpaka mmoja akaishiwa hela au majina. Anayetaka kumaliza bila kushindwa huvaa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", ambalo linakubali kwamba maneno yamefika na linakataa kwamba yameuma.

Heshima ya nyumba iko nyuma ya haya. Adabu ya pwani ilimtaka mwanamke asimjibu mume mbele za watu, asimpandishie sauti mama mkwe, asigombane na mke mwenza mpaka majirani wakasikia. Kanga ilivunja adabu hiyo bila kuivunja. Mke alikuwa amevaa vizuri, amenyamaza, ameinamisha macho. Hakuna shahidi ambaye angesema alimtukana mtu. Saida Yahya-Othman, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga kama sauti ya wanawake, akaonyesha jinsi sauti hiyo inavyowaruhusu kusema yale ambayo jamii haiwaruhusu kuyatamka. Rose Marie Beck, mtafiti wa Ujerumani aliyefanya kazi Mombasa, alilitazama suala hilohilo kwa upande wa utata wenyewe: kinachofanya mawasiliano hayo yawezekane ni kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa yametokea.

Falsafa ya lugha ililifikia jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1967 mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na sehemu yake moja ikachapishwa mwaka 1975. Hoja yake ni kwamba msikilizaji huanza na dhana kwamba msemaji anashirikiana naye. Anaposikia jambo lisiloendana na hali iliyopo, hutafuta maana nyingine itakayolifanya liendane. Mtu akiulizwa kama chakula kilikuwa kitamu akajibu kwamba sahani zilikuwa nzuri, hajasema chakula kilikuwa kibaya, na kila mtu amesikia kwamba kilikuwa kibaya. Alama aliyoitoa Grice ya maana iliyodokezwa ni kwamba inaweza kufutwa: msemaji anaweza kuongeza sentensi ya kuikana bila kujipinga. "Ni nguo tu" ni sentensi hiyo. Mwanamke wa Mji Mkongwe wa Zanzibar asiyejua kusoma alikuwa akiitumia kabla Grice hajazaliwa, naye alizaliwa 1913.

Ila kanga inakwenda mahali ambapo maelezo ya Grice hayatoshi. Yeye aliwaza msemaji mmoja mwenye nia moja. Jina la kanga hupita mikononi mwa watu wengi. Msemo hutungwa au huokotwa na mtu mmoja, labda mteja aliyemnong'oneza mwenye duka, mwenye duka huupeleka kiwandani, kiwanda, ambacho kwa miongo mingi kilikuwa Uholanzi, Uingereza, Japani au India, huuchapa bila kuuelewa, wakati mwingine kwa makosa ya tahajia ambayo hubaki kwenye nguo milele, mnunuzi huununua, mvaaji, ambaye huenda si mnunuzi, huuvaa, na msomaji huupokea. Ni nani kati yao aliyesema? Mume anayerudi safarini na doti mbili kwa kuzipenda rangi, bila kusoma, anaweza kumpa mkewe "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" kwa moyo mweupe kabisa. Hakukusudia. Mke naye anajua hakukusudia. Na bado kanga hiyo haitavaliwa, au itavaliwa siku moja tu, siku atakayokuja mama mkwe. Ndiyo maana wauzaji wazoefu humsomea mteja mwanamume jina kabla ya kumfungia.

Kwenye sherehe utata hupunguzwa kwa makusudi. Kisutu, kanga ya nyekundu, nyeupe na nyeusi, humwendea bi harusi, na michapo yake ni ya kale kiasi kwamba nguo yenyewe inatosha kutaja tukio bila msaada wa jina. Kanga za sare zinazonunuliwa na ndugu wa kike kwa arusi au maulidi huchaguliwa kwa maneno ya shukrani na dua ambayo hayamgusi mtu. Kanga za mama nazo, "Nani kama mama" na nduguze, husema kile kilichoandikwa. Kukusanya kanga hizi tu, kama wafanyavyo wageni wengi, ni kama kujifunza bahari kwa kukaa ufukweni maji yakiwa yamekupwa.

Pembeni ya nguo ulikuwapo muziki, na viwili hivyo vilikopeshana maneno. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayesifiwa kwa kuileta taarab ya Misri kwenye jumba lake. Chama cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905. Hiyo ilikuwa taarab ya Kiarabu na ya wanaume. Aliyeifikisha kwa watu ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, kijiji ambacho jina lake lingeweza kuwa limebuniwa kwa ajili ya makala hii. Alizaliwa karibu na 1880 katika familia maskini, aliuza vyungu, akahamia mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Nyimbo zake zilisimulia mambo yaliyotokea mjini, kesi na kashfa zikiwemo, kwa maneno ambayo mtu wa mbali aliyachukua kama hadithi na mtu wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, aliyachukua kama hukumu. "Kijiti", kuhusu mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, ulisikika hivyo kwa waliojua jinsi mahakama ilivyoendesha shauri lile. Siti alifariki 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Taarab iliongeza jambo ambalo kanga haikuwa nalo, yaani kutunza. Wimbo unapofika kwenye beti fulani, msikilizaji huinuka na noti mkononi, hucheza taratibu hadi kwa mwimbaji, na njiani huweza kupita mbele ya meza ya mtu fulani. Kwa kumtunza mwimbaji wakati huo, anayachukua maneno ya beti kuwa yake. Kelly Askew, aliyeishi na vikundi vya taarab vya Tanga, ameeleza kwa urefu jinsi noti moja inavyoweza kuanzisha uadui kati ya watu wawili waliokaa pande mbalimbali za ukumbi. Hapa mlengwa si siri tena kwa walioko ukumbini, lakini utetezi unabaki uleule: nilimtunza mwimbaji kwa sababu anaimba vizuri.

Katika miaka ya 1990 pazia hilo lilichanwa. Tanzania One Theatre na Muungano Cultural Troupe zilishindana jijini Dar es Salaam kwa nyimbo za mipasho, Khadija Kopa akiwa sauti kubwa ya upande mmoja na Nasma Khamis Kidogo ya upande mwingine, na mashabiki walikwenda ukumbini wakijua kabisa wimbo wa leo unamjibu nani. Wazee wa taarab ya zamani walilalamika kwamba fumbo limekufa na limebaki tusi lililopakwa wanja. Lalamiko hilo lina ukweli, ingawa si wote. Mipasho haikukosa werevu wa maneno. Ilichopoteza ni ule mlango wa nyuma wa "ni nguo tu". Msemaji akishataka ajulikane anayemsema, na msemwa akishalipa kiingilio kuja kujibu, maana ya ndani imehamia nje.

Kanga yenyewe ilipitia njia nyingine. Baada ya uhuru, uchapaji ulianza kurudi nyumbani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi 1968, na Kenya ikawa na viwanda vyake. Dola iligundua mapema kwamba nguo inayosomwa na wanawake wote ni ubao wa matangazo usiolipiwa pango. Zikatokea kanga za chama cha TANU na baadaye CCM, za maadhimisho ya uhuru, za afya ya mama na mtoto, za Mwalimu Nyerere. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika Tanzania, watu walivaa jina lolote lililopatikana, na hapo hakuna aliyeweza kumlaumu mwenzake kwa alichovaa: uhaba ulikuwa umefuta maana zote. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, kanga yenye sura yake iliingia madukani ikimpa hongera na kusema upendo na amani ametujalia Mungu. Kanga za aina hii zina mwandishi anayejulikana, mlengwa anayejulikana na ujumbe usio na upande wa pili. Hata hivyo mwaka wa uchaguzi hufichua kwamba mazoea hayafi upesi, kwa maana kanga ya chama ikitumika kudekia sakafu, mlangoni, mahali wapita njia wanapoona, imesema kitu ambacho chama hakikukichapa.

Nguo imesafiri na watu wake. Iko Omani na nchi za Ghuba pamoja na familia zilizotoka Zanzibar, na Bukini, yaani Madagaska, kuna ndugu yake, lambahoany, inayochapwa methali za Kimalagasi mahali palepale pa chini. Iko pia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, ikiwemo British Museum ya London, ambayo huihifadhi kwa rangi, kiwanda, mwaka na tafsiri ya maneno. Orodha za majina ya kanga zimechapishwa nyingi, na nyingi zina kasoro moja: zinatafsiri kilichoandikwa na kuongeza maelezo mafupi ya methali, kama kwamba maana ilikuwa imelala kwenye pamba ikingoja kamusi. Mtafiti anayetaka kuihifadhi kanga angeandika kwanza kwamba ilivaliwa asubuhi ya arusi ya mume wa mvaaji kwa mke wa pili, kisha ndipo anakili maneno. Kumbukumbu za namna hiyo ni chache, nazo ziko vichwani mwa akina bibi, si kwenye madaftari.

Duka la Mtaa wa Biashara bado linauza. Kwenye kanga zake, pamoja na jina, huchapwa herufi ndogo zinazomtaja mwenye biashara: K.H.E. Mali ya Abdulla. Katika nguo nzima, hilo ndilo jina la mtu lililotajwa waziwazi.